Kesi ya Wabash ya 1886: Nani Mwenye Mamlaka Juu ya Nauli ya Reli Bunge Linapokaa Kimya?

Swali: Mwalimu, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa tatu, Mombasa. Katika kikundi chetu cha masomo tumegawanyika kuhusu kesi ya Marekani ya kampuni ya reli ya Wabash dhidi ya Jimbo la Illinois, ya mwaka 1886. Baadhi yetu wanasema ilifuta hukumu ya Munn ya 1877, iliyoyapa majimbo mamlaka ya kudhibiti bei. Wengine wanasema ulikuwa ushindi wa kampuni za reli dhidi ya wakulima. Mimi nimesoma kwamba ndiyo iliyoizaa tume ya kwanza ya taifa ya kudhibiti reli. Lipi ni sahihi? Na je, kesi hii ina faida yoyote kwa mtu anayesoma Katiba ya Kenya?

Jibu: Katika madai matatu uliyoyataja, la kwanza si kweli, la pili lilikuwa kweli kwa muda mfupi, na la tatu ni kweli nusu. Nadhani mmegawanyika kwa sababu mnaisoma hukumu ya Wabash kana kwamba iliuliza iwapo serikali inaweza kudhibiti reli. Swali hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa miaka tisa kabla. Lililobaki, na ndilo lililowagawa majaji sita kwa watatu, ni hili: Bunge la taifa likiwa na mamlaka juu ya jambo fulani kisha likanyamaza, ukimya wake una maana gani kwa majimbo?

Tuanze na mizigo yenyewe, maana kesi hii haieleweki mpaka uzishike hesabu zake. Kampuni ya Wabash, St. Louis and Pacific ilipakia behewa la mzigo wenye uzito wa ratili 26,000 katika mji wa Peoria, Illinois, uliokuwa ukienda jiji la New York, ikatoza senti 15 kwa kila ratili 100, jumla dola 39. Behewa jingine la uzito uleule, lenye mzigo wa daraja lilelile, lilitoka Gilman, mji mdogo ulioko mashariki ya Peoria kwenye njia hiyohiyo, nalo likaenda New York. Wenye mzigo wa Gilman walitozwa senti 25 kwa kila ratili 100, jumla dola 65. Ndani ya Illinois, mzigo wa Peoria ulisafiri maili 109, na ule wa Gilman maili 23 tu. Gilman ilikuwa karibu zaidi na New York kwa maili 86, na bado mkazi wake alilipa dola 26 zaidi.

Mtu asiyeijua biashara ya reli ataona huo ni wizi mtupu, na wakulima wa Illinois waliuona hivyo. Hata hivyo, palikuwa na mantiki ya kibiashara nyuma yake, na mwanafunzi wa sheria anapaswa kuijua kabla ya kuwalaumu watu. Sehemu kubwa ya gharama za reli haitegemei idadi ya mabehewa yanayopita: njia imekwisha kujengwa, madaraja yamesimama, na riba ya hati za mkopo inadaiwa hata treni zikilala. Kampuni yenye mzigo huo wa madeni hukubali karibu bei yoyote inayozidi gharama ya kuliendesha behewa moja la ziada, mradi behewa lisiende tupu. Mahali ambapo reli kadhaa zilishindania wateja, kama ilivyokuwa katika miji mikubwa iliyopeleka nafaka pwani ya mashariki, bei ilishuka mpaka karibu na kikomo hicho. Kilichopungua huko kilitafutwa kwingine, nako kulikuwa katika vituo vidogo ambavyo mkulima wake hakuwa na njia nyingine ya kuuza mahindi yake. Hivyo safari fupi ikawa ghali kuliko safari ndefu, na kadiri ushindani ulivyozidi kuwa mkali mjini ndivyo mnyonge wa kijijini alivyozidi kubebeshwa.

Illinois ilikuwa mstari wa mbele kupambana na desturi hiyo. Katiba yake ya 1870 iliagiza baraza lake la kutunga sheria lizuie ubaguzi na ulanguzi wa nauli za reli. Sheria ya kwanza, ya 1871, ilikataliwa na Mahakama Kuu ya jimbo mwaka 1873 kwa kuwa ilizuia kila tofauti ya nauli bila kujali kama tofauti hiyo ilikuwa ya haki au la. Wakulima, wengi wao wakiwa wameungana katika chama cha Grange kilichoanzishwa mwaka 1867, walimwadhibu Jaji Charles Lawrence aliyeiandika hukumu hiyo kwa kumwangusha katika uchaguzi wa majaji mwaka huohuo. Baraza nalo likatunga sheria mpya ya Mei 1873 iliyorekebisha kasoro hiyo: kutoza zaidi kwa umbali mdogo kulihesabiwa kuwa ushahidi wa ubaguzi usio wa haki, na kampuni ikapewa nafasi ya kujitetea. Sheria hiyo ndiyo iliyotumika kuishtaki Wabash kwa ajili ya behewa la Gilman.

Sasa tuje kwenye hukumu ya Munn, ambayo kikundi chenu kinaitaja kana kwamba ilihusu reli. Ilihusu maghala ya nafaka ya Chicago. Yalikuwako maghala 14, yakiendeshwa na kampuni tisa zilizokaa kila mwaka zikakubaliana bei, na nafaka nyingi iliyotoka magharibi kwenda mashariki ilibidi ipite mikononi mwao. Illinois iliweka kikomo cha bei ya kuhifadhi nafaka, waendeshaji wa ghala Munn na Scott wakapinga hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 1 Machi 1877 wakashindwa. Jaji Mkuu Morrison Waite alirejea fundisho la Lord Hale, jaji wa Kiingereza wa karne ya 17, kwamba mali ya mtu binafsi ikitumiwa kwa namna inayougusa umma mzima, mwenyewe amekwisha kuupa umma haki katika matumizi hayo na hana budi kukubali kudhibitiwa. Kuhusu hofu kwamba mabaraza yangeweza kuitumia vibaya nguvu hiyo, Waite alisema wananchi waende kwenye sanduku la kura, wasije mahakamani.

Siku hiyohiyo mahakama iliamua kundi la kesi za reli kutoka majimbo ya Iowa, Wisconsin na Minnesota. Iliyo muhimu kwetu ni ya Peik dhidi ya Chicago and North Western, iliyohusu sheria kali ya nauli ya Wisconsin ya mwaka 1874. Ndani yake Waite alisema kwamba mpaka Bunge la taifa litakapotunga sheria, Wisconsin ingeweza kuzidhibiti nauli za reli zake katika mambo yanayohusu jimbo lenyewe, hata kama watu walio nje ya jimbo wangeguswa kwa namna fulani. Hapo ukimya wa Bunge ulitafsiriwa kama ruhusa. Katiba ya Marekani, katika kifungu cha 8 cha Ibara ya Kwanza, inalipa Bunge la taifa mamlaka ya kusimamia biashara baina ya majimbo. Haisemi majimbo yafanye nini Bunge likiwa halijaitumia mamlaka hiyo, na mwaka 1877 Bunge lilikuwa halijaitumia kabisa kuhusu nauli za reli.

Mahakama za Illinois zilijenga hukumu zao juu ya msingi huo. Wabash ilijitetea kwamba mkataba ulikuwa wa safari moja hadi New York, na kwamba safari hiyo ilikuwa biashara baina ya majimbo. Mahakama Kuu ya Illinois ikaikatalia hoja hiyo na kuithibitisha adhabu, ikishikilia kwamba ubaguzi ulitendeka katika sehemu ya njia iliyo ndani ya jimbo. Kampuni ikaenda Washington, na tarehe 25 Oktoba 1886 ikashinda.

Aliyeiandika hukumu ya walio wengi ni Jaji Samuel Miller, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu jina hilo peke yake linatosha kuitia shaka hadithi kwamba majaji walikuwa watumishi wa kampuni za reli. Miller alikuwa tabibu kabla ya kuwa mwanasheria, akahamia Keokuk, Iowa, na aliteuliwa na Rais Lincoln mwaka 1862. Kwa miaka mingi alipigana na wenzake kuhusu hati za mkopo ambazo miji midogo ya magharibi ilizitoa ili kuvutia reli, akiamini kwamba mahakama ilikuwa ikiwapendelea wenye fedha wa mashariki. Katika kesi ya Munn alikuwa upande wa jimbo. Kati ya majaji tisa wa 1877 waliobaki kitini mwaka 1886 walikuwa wanne tu: Waite, Miller, Bradley na Field. Field aliipinga Munn tangu mwanzo. Watatu wengine waliiunga mkono, na kati yao Miller peke yake ndiye aliyevuka.

Hoja yake ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza alikiri kwamba maneno ya Peik na kesi zilizoandamana nayo yalielekea upande wa Illinois, lakini akasema kwamba mwaka 1877 macho ya mahakama yalielekezwa kwenye swali kubwa zaidi, yaani iwapo nauli zinaweza kudhibitiwa na mamlaka yoyote ile, na kwamba suala la biashara baina ya majimbo halikupewa uzito uliolistahili. Pili, alirudi kwenye kanuni ya kesi ya 1852 kuhusu marubani wa bandari ya Philadelphia, iitwayo Cooley, kwamba baadhi ya mambo ya biashara ni ya mahali hapo na majimbo yanaweza kuyasimamia, na mengine kwa asili yake ni ya taifa na yanahitaji kanuni moja. Behewa linalotoka Illinois kwenda New York, alisema Miller, ni la aina ya pili. Jimbo moja likiweka sheria yake ya nauli kwa safari nzima, na linalofuata likaweka yake, na la tatu vivyo hivyo, haki ya kusafirisha bidhaa bila kukatizwa kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine itapotea. Aliwakumbusha wasomaji wake kwamba ushuru ambao majimbo yalitozana kwa bidhaa zinazopita ulikuwa miongoni mwa sababu za kuandikwa kwa Katiba yenyewe.

Kwa hiyo ukimya wa Bunge, uliokuwa ruhusa mwaka 1877, mwaka 1886 ukawa katazo. Kama Bunge halijasema neno kuhusu jambo ambalo kwa asili yake ni la taifa, ichukuliwe kwamba limetaka jambo hilo libaki huru.

Jaji Joseph Bradley aliandika maoni ya kupinga, Jaji Mkuu Waite na Jaji Horace Gray wakiungana naye. Kwake jibu lilikuwa rahisi: reli ile ilipewa uhai na majimbo, ilichukua ardhi za watu kwa nguvu iliyokopeshwa na jimbo, na sehemu ya njia iliyo ndani ya Illinois ilikuwa chini ya Illinois mpaka Bunge litakaposema vinginevyo. Tena akasema kwamba mahakama ilikuwa imekwisha kuliamua jambo hilohilo katika Peik. Ukiniuliza nani alizisoma vizuri zaidi hukumu zilizotangulia, nitasema Bradley bila kusita. Maelezo ya Miller kwamba suala lile halikupewa uzito ni njia ya heshima ya kuachana na uamuzi bila kutamka kwamba umeachwa. Lakini ukiniuliza nani aliielewa vizuri zaidi reli ya miaka ya 1880, nitasema Miller. Wakati wa Munn bado mtu aliweza kuifikiria reli kama kampuni ya jimbo moja. Kampuni iliyoshtakiwa 1886 ilikuwa imeundwa mwaka 1879, chini ya mkono wa tajiri Jay Gould, kwa kuunganisha njia zilizokatiza majimbo kadhaa, na nauli ya Gilman isingeweza kueleweka bila kuijua bei ya ushindani ya safari nzima hadi New York.

Hapo ndipo dai la kwanza la kikundi chenu linapoanguka. Munn ilisema reli na maghala yanaweza kudhibitiwa. Wabash haikuligusa hilo. Mizigo na abiria walioanza na kumaliza safari ndani ya Illinois walibaki chini ya Illinois, na Miller alilieleza jambo hilo waziwazi. Mnamo Januari ya mwaka uleule wa 1886 mahakama ileile, kwa kalamu ya Waite, ilikuwa imeikubali tume ya reli ya Mississippi katika kesi ya Stone dhidi ya Farmers' Loan and Trust, ingawa Waite alionya kwamba uwezo wa kudhibiti si uwezo wa kuangamiza. Kama mnatafuta hukumu iliyoidhoofisha Munn kweli, tazameni ya 1890, ya kampuni ya Chicago, Milwaukee and St. Paul dhidi ya Minnesota. Huko tume ya jimbo ilishusha nauli ya maziwa yaliyopelekwa St. Paul na Minneapolis kutoka senti 3 kwa galoni hadi senti 2 na nusu, na sheria haikuiruhusu mahakama kuuliza kama kiwango hicho kilikuwa cha haki. Mahakama ya Juu ilisema kumnyima mwenye reli nafasi hiyo ni kumnyima mali yake bila utaratibu wa haki wa kisheria. Bradley, akipinga tena, alitamka kwamba kivitendo Munn ilikuwa imebatilishwa. Ukitaka kuandika insha yenye mtihani ndani yake, linganisha 1886 na 1890: ya kwanza inauliza mamlaka ni ya nani, ya pili inauliza mwenye mamlaka anachungwa na nani. Vitabu vingi huziweka katika sura moja, na wanafunzi huondoka wakidhani zimesema jambo moja.

Kuna jambo jingine ambalo husahauliwa, nami sipendi lisahauliwe. Miongoni mwa hukumu alizozitegemea Miller ni ya Hall dhidi ya DeCuir ya 1878. Josephine DeCuir, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika, alikataliwa chumba cha wazungu kwenye meli ya mvuke katika mto Mississippi, ingawa sheria ya Louisiana ya baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ilikataza ubaguzi huo. Mahakama iliifuta sheria hiyo kwa hoja ileile, kwamba jimbo moja lisiziingilie safari zinazovuka mipaka. Kisha Mississippi ilipozilazimisha reli kuwatenga abiria kwa rangi, mwaka 1890 mahakama iliikubali sheria hiyo kwa maelezo kwamba ilihusu safari za ndani ya jimbo pekee, na Jaji John Harlan akauliza kwa nini sheria ya kuzuia ubaguzi ilionekana kuwa mzigo kwa biashara na ile ya kuuamrisha haikuonekana hivyo. Kanuni ya ukimya wa Bunge, kwa hiyo, haikuwa mizani isiyoinama. Mengi yalitegemea jaji aliamua kipi ni cha taifa na kipi ni cha mahali.

Dai la pili, la ushindi wa kampuni. Wabash ilishinda kesi, lakini wakati huo ilikuwa hoi. Ilikuwa chini ya wasimamizi walioteuliwa na mahakama tangu 1884, madeni yakiwa yameishinda. Kwa kampuni za reli kwa jumla hukumu ilileta nafuu ya ajabu kidogo: sehemu kubwa ya mizigo yenye thamani, ile ya safari ndefu, haikuwa tena chini ya jimbo lolote, na haikuwa bado chini ya taifa. Jimbo lisingeweza na Bunge lilikuwa halijataka. Pengo hilo lilidumu miezi mitatu na siku chache. Tarehe 4 Februari 1887 Rais Grover Cleveland alitia saini Sheria ya Biashara baina ya Majimbo, iliyodai nauli zote ziwe za haki, zitangazwe hadharani, ikapiga marufuku mapatano ya kugawana mizigo au mapato baina ya kampuni shindani, ikakataza kutoza zaidi kwa umbali mfupi kuliko mrefu kwenye njia moja, na ikaunda tume ya watu watano. Mwenyekiti wake wa kwanza, Thomas Cooley wa Michigan, hahusiani na kesi ya marubani wa Philadelphia, wanafunzi huchanganya.

Je, Wabash ndiyo iliyoizaa tume hiyo? Muswada ulikuwa mezani kabla ya hukumu. Seneta Shelby Cullom, aliyekuwa gavana wa Illinois na aliyeifahamu vema tume ya jimbo lake, aliongoza kamati iliyotoa taarifa yake Januari 1886, na Seneti ilikuwa imekwisha kuupitisha muswada wake miezi kadhaa kabla ya Miller kusoma hukumu. Katika Baraza la Wawakilishi, John Reagan wa Texas alikuwa akiusukuma wake kwa miaka, akitaka makatazo makali yatekelezwe na mahakama za kawaida, bila tume. Pande hizo mbili zilikuwa zimekwama. Hukumu ya Oktoba iliondoa kisingizio kwamba majimbo yangeweza kuendelea kulishughulikia jambo hilo yenyewe, na mapatano yakafikiwa majira ya baridi: tume ya Cullom, pamoja na makatazo ya Reagan. Kwa hiyo sema hukumu iliharakisha. Ukisema ilizaa, mwalimu makini atakukata alama.

Na mkulima wa Gilman alipata nini? Kwa miaka 20 alipata kidogo. Kifungu cha safari fupi na ndefu kilikuwa na maneno yaliyokihusu tu pale mazingira yalipokuwa yanafanana kimsingi, na mwaka 1897, katika kesi ya Alabama Midland iliyohusu mji mdogo wa Troy na mji mkubwa wa Montgomery, Mahakama ya Juu ilisema ushindani katika mji mkubwa unatosha kuyafanya mazingira yawe tofauti. Ukikumbuka nilivyoeleza chanzo cha nauli za Gilman, utaona kwamba tafsiri hiyo ilikiondolea kifungu karibu kazi yake yote, kwa kuwa ushindani mjini ndio uliosababisha ubaguzi wenyewe. Mwaka huohuo mahakama iliamua pia kwamba tume haikuwa na mamlaka ya kupanga nauli za mbeleni. Ilibidi Bunge lirudi: sheria ya Hepburn ya 1906 iliipa tume uwezo wa kuweka kikomo cha nauli, na sheria ya Mann-Elkins ya 1910 iliyafuta yale maneno kuhusu mazingira yanayofanana. Ukihesabu tangu Illinois ilipotunga sheria yake ya 1873, kilio cha safari fupi kilichukua miaka 37 kupata sheria yenye meno.

Hapa mambo yakapinduka. Wabash iliyanyima majimbo mamlaka juu ya safari zinazovuka mipaka. Mwaka 1914 kesi ya Shreveport ilionyesha kwamba hata safari za ndani ya jimbo hazikuwa salama kwa jimbo. Tume ya reli ya Texas iliweka nauli nafuu kwa mizigo iliyotoka Dallas na Houston kwenda miji ya mashariki ya Texas, ilhali wafanyabiashara wa Shreveport, Louisiana, mpakani, walilipa nauli kubwa kuifikia miji ileile. Kupeleka magari ya kukokotwa kutoka Dallas hadi Marshall, maili 147.7, kulitozwa senti 36.8 kwa ratili 100. Kutoka Shreveport hadi Marshall, maili 42, senti 56. Ni hesabu ya Peoria na Gilman tena, ila safari hii aliyeipanga ni jimbo lenyewe, kwa faida ya wafanyabiashara wake. Jaji Charles Evans Hughes aliamua kwamba tume ya taifa inaweza kuamuru tofauti hiyo iondolewe, hata kama kufanya hivyo kutazigusa nauli za ndani ya Texas, kwa kuwa mambo hayo mawili yameshikamana kiasi kwamba huwezi kulitawala moja bila jingine. Mimi naona Shreveport ndiyo inayomtetea Miller kuliko chochote alichokiandika mwenyewe. Bradley aliamini jimbo lingeweza kudhibiti kipande chake cha njia bila kuwaumiza wa nje; Texas ilionyesha kwamba jimbo lenye rungu hilo hulitumia kumpiga jirani.

Kuhusu Kenya, uhusiano upo, ila usiuvute kupita kiasi. Kaunti si jimbo la Marekani: kaunti haikuwako kabla ya taifa na haikulikabidhi taifa mamlaka yake. Reli zimewekwa chini ya serikali ya kitaifa katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, hivyo mgogoro wa Wabash kama ulivyokuwa hauwezi kutokea Mombasa wala Nakuru. Kinachoweza kutokea ni binamu yake, yaani tozo za kaunti juu ya bidhaa zinazopita barabarani kutoka kaunti moja hadi nyingine. Hapo soma Ibara ya 209(5), inayokataza mamlaka ya kaunti ya kutoza kodi na ada yatumiwe kwa namna itakayodhuru sera za uchumi wa taifa, shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti, au usafirishaji wa bidhaa, huduma, mtaji na wafanyakazi nchini kote. Miller alilazimika kuichimbua kanuni kama hiyo kutoka katika ukimya wa Bunge, na Bradley akawa na kila sababu ya kumwuliza ameitoa wapi. Jaji wa Kenya ameandikiwa. Mzozo atakaoletewa utahusu kiasi tu: tozo ipi inadhuru, na ipi ni malipo halali ya huduma ambayo kaunti imeitoa kweli.

Huo ndio mpaka ambao ningewashauri mjadili katika kikundi chenu baada ya kumaliza Wabash. Anzeni na maoni ya Bradley, kisha yale ya Miller. Mkianza na Miller mtamaliza mkiwa mmekubali, kwa kuwa aliandika vizuri, na hamtaiona tena nguvu ya swali aliloulizwa na mwenzake.